Breki ya Pili

Mguu wa kulia wa Mwalimu ulikuwa na akili zake. Hata akiwa amekaa sebuleni anamenya viazi, akisikia tu gari linapita kwa kasi huko nje, mguu ule unakanyaga sakafu. Kah! Wageni walidhani ameua mende, wakawa wanakunja miguu yao juu ya kochi. Haikuwa mende jamani, ilikuwa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari. Aliianza akiwa msichana mwembamba, na sasa alikuwa bibi mwenye wajukuu na goti bovu. Siku nzima amekaa kile kiti cha pembeni kisicho na usukani, anapelekwa na watu wasiojua kuendesha kuelekea kwenye kuta, mitaro na mbuzi wa watu. Mbele ya kiti hicho kulikuwa na pedali zake mwenyewe, klachi na breki, zilizounganishwa kwa vyuma na zile za mwanafunzi. Mwalimu akikanyaga breki yake, ya mwanafunzi nayo inazama. Wanafunzi walichukia hilo kuliko kufokewa. Mtu keshajiona dereva, ameanza hata kupiga mluzi, mara breki inashuka yenyewe chini ya kiatu chake, na hapo hapo anajua kwamba amenyang'anywa gari bila kuambiwa neno.

Akishindwa mtu mtihani, Mwalimu hakuzunguka mbuyu. Alikuwa na maneno yake, yale yale kwa tajiri na kwa maskini: "Umefeli. Jumatatu tunarudia." Wengine walilia, wengine walimtukana kimoyomoyo, lakini Jumatatu walirudi.

Na alikuwa amechoka. Tena asikudanganye mtu kwamba ni uchovu wa kulala ukaamka mzima. Mtu aliyeogopa kwa niaba ya wengine maisha yake yote anachoka mahali ambapo usingizi haufiki. Alikuwa anasema, "Nikistaafu, sitaki kuona hata toroli." Basi kama ilivyo kawaida ya dunia, alipostaafu ndipo magari yakamfuata mpaka uani kwake.

Aliyeyaleta ni mumewe. Huyu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na jina la barabarani, Masafa, likamganda mpaka wajukuu wakamwita Babu Masafa. Kisha asubuhi moja, akinyoa ndevu, kiharusi kikampiga. Mkono ulirudi. Maneno yalirudi, tena mengi kuliko mwanzo. Mguu wa kulia ndio uliorudi nusu, akawa anauburuta nyuma ya fimbo, na kila asubuhi Mwalimu anapiga magoti na goti lake bovu kumfunga kamba za kiatu. Hospitalini daktari alimchoma unyayo kwa sindano, na Masafa, macho yakiwa darini, akauliza, "Umeshaanza?" Maneno hayo Mwalimu aliyaweka akilini, na ndiyo yaliyokuja kumponza.

Mwaka huo huo gari la shule yao ya udereva nalo likaambiwa basi, ni zee mno kufundishia. Lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa yaliyoungua, na kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa. Muuza vyuma chakavu alikuja akaligongagonga boneti kama mtu anayechagua tikiti maji. Masafa alimwonyesha lango kwa ncha ya fimbo.

"Hili halijafa," alisema. "Limestaafishwa tu, kama mimi."

Jioni moja fundi wao wa miaka yote alikuwa amekuja kunywa chai, na kwenye televisheni kulikuwa na mashindano ya magari ya wenye nazo. Matairi yanatumika siku moja, yanatupwa. Masafa akatema mate dirishani.

"Hayo ni mashindano ya mifuko, si ya madereva," alisema. "Mbona sisi tusishindane na mikweche yetu?"

"Mikweche gani?" fundi akacheka. "Wangu hata mlima haupandi."

"Ndiyo hiyo hiyo. Kama wote hatuna kitu, basi atakayeshinda ameshinda kwa mikono yake."

Mwalimu aliyasikia hayo akiwa jikoni, akasema moyoni, haya sasa, yameanza. Alitaka kutoka awaambie wanywe chai yao wakalale. Lakini alipochungulia alimwona mumewe ameegemea mbele, viwiko juu ya meza, anachora barabara kwa kidole kwenye chai iliyomwagika. Tangu augue hakuwahi kuegemea mbele kwa jambo lolote. Mwalimu akarudi jikoni, akaongeza sukari kwenye birika.

Hivyo ndivyo Ligi ya Mikweche ilivyozaliwa. Kanuni ziliandikwa na Masafa mwenyewe, na hazikuwa nyingi. Gari liwe dogo na la zamani. Halafu ile aliyoishikilia kwa meno: gari liingie uwanjani kama lilivyotoka kazini. Hakuna kuongeza kitu, hakuna kupunguza, ila mkanda imara na kofia ngumu. "Ukimruhusu mtu abadilishe parafujo moja," alisema, "mwenye pesa atabadilisha gari zima, na sisi tutarudi kuangalia televisheni." Kwa hiyo muuza mikate alikuja na kigari chake, rafu za mikate zikigongana nyuma kama sufuria za harusi. Dereva wa teksi alikuja na mita yake, nayo ikawa inahesabu nauli uwanja mzima. Dada yake Masafa, muuguzi, ambaye Mwalimu alimwita wifi na kumfelisha mara tatu enzi hizo, alileta kale kamchuma kake kalikomzungusha kwa wagonjwa tangu ujana wake. Fundi naye alileta chake, kisichopanda mlima. Wakafuatia wengine wa aina hiyo hiyo.

Uwanja waliupata kwenye kiwanda cha matofali kilichofungwa, pale palipokuwa pakianikwa matofali, pana na pagumu, na bomba refu la moshi kwenye kona. Mwenyewe alikuwa mjane aliyerithi kiwanda na madeni yake. Watu walimwita Mama Tofali, kwa kiwanda na pia kwa roho.

"Chezeni," aliwaambia. "Lakini siku mtu wa kwanza akivunjika hata ukucha, lango nafunga na funguo natumbukiza chooni. Msije kunililia."

Ndiyo sababu wakaweka mtihani. Kila dereva aingie kwenye gari la Mwalimu, lenye breki mbili, naye Mwalimu akae kiti chake. Ukimbize gari, fundi akishusha kitambaa ufunge breki, usimame kabla ya mstari wa chokaa. Nani atahukumu? Wote walimgeukia yeye. Akasema amestaafu. Wakasema mara hii tu. Ee bwana, "mara hii tu" imemzeesha mwanamke huyu kuliko uzazi! Akaingia.

Muuza mikate alifaulu. Wifi alifaulu, akashuka akicheza. Dereva wa teksi alivuka chokaa kwa urefu wa gari zima, akaambiwa Jumatatu tunarudia, na Jumatatu akafaulu. Wa mwisho alikuwa Masafa.

Aliingia kwenye kiti cha dereva akiuinua mguu wake kwa mikono miwili, kama mzigo wa mtu mwingine, akaupanga juu ya pedali. Akapiga mluzi. Gari likaondoka vizuri, maana kukanyaga mafuta mguu ule uliweza. Kitambaa kikashuka. Mwalimu alimtazama mguuni, si usoni. Aliuona unaambiwa, na aliuona unakawia. Ulikuwa bado uko kwenye mafuta, unajikongoja kuelekea breki, na chokaa inakuja, na ng'ambo ya chokaa wamesimama watu wote wa ligi wanatabasamu.

Mwalimu akakanyaga. Hakukanyaga ile kah ya kuua mende. Alikanyaga polepole, kwa ustadi wa miaka yote, mpaka gari likasimama pua yake juu ya chokaa bila hata kutikisika. Watu wakapiga makofi. Aliyejua yaliyofanyika ni yeye tu, maana mguu wa mumewe hauna hisia, daktari alishathibitisha.

"Hongera," Mwalimu alimwambia. "Umefaulu."

Masafa alitazama mbele kwa muda. Kisha akasema, "Haya."

Basi njia ya mwongo ni fupi, na ya Mwalimu iliishia siku ya shindano, maana siku hiyo kila gari lingekuwa na mtu mmoja tu. Kiti cha pili kitakuwa kitupu. Breki ya pili itakuwa na nani? Kila alipofika hapo kwenye mawazo, mguu wake ulikanyaga sakafu. Alikanyaga akipika, alikanyaga akisali. Mara kadhaa alifungua mdomo aseme, akamwona mumewe anaisugua ile kofia ngumu kwa kitambaa, akaufunga. Angemwambiaje? Mtu amepoteza barabara, amepoteza lori, amepoteza hata kamba za viatu vyake. Sasa mkewe naye amwondolee na hiki kigari?

Wifi alimkamata sokoni, mbele ya nyanya.

"Wifi, hebu niambie. Kaka yangu alisimamaje siku ile?"

"Si ulimwona alivyosimama?"

"Nilimwona. Nauliza, alisimama kwa mguu upi?"

"Wifi, chagua nyanya," Mwalimu alisema.

"Haya. Ila mimi nimekaa wodini miaka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeishia hapo."

Mwalimu alirudi nyumbani bila nyanya.

Siku ya shindano ilifika na jua kali na vumbi la matofali. Masafa aliketi kwenye ngazi ya ghala, kofia mapajani. Kamba za kiatu cha kulia zilikuwa zimefunguka njiani. Mwalimu akapiga magoti, goti likalia kama bawaba kavu. Akashika kamba. Na hapo, akikitazama kiatu ili asimtazame mwenye kiatu, akasema.

"Siku ile ya mtihani hukusimama. Nilisimamisha mimi."

Upande wa pili wa uwanja mita ya teksi ilikuwa inahesabu. Masafa hakushtuka.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Breki ilishuka kabla sijaifikia. Nilibaki mguu hewani kama mtu aliyekosa ngazi."

"Lakini daktari alikuchoma..."

"Daktari, daktari. Mguu huu haunisikii, mama watoto, lakini mimi nausikia. Sindano ni kitu kidogo. Breki kuzama nimeifahamu kabla sijakufahamu wewe."

Mwalimu aliziachia kamba. Alisikia uso wake unachemka mpaka masikioni. "Kwa hiyo umejua muda wote huo, na umenyamaza? Mimi silali, sili, wewe umenyamaza tu unasugua kofia?"

"Nilikuwa nasubiri useme. Umewafelisha wakubwa wa mji huu. Umemfelisha dada yangu mara tatu, na ni yeye aliyetukutanisha. Nikasema, huyu mwanamke hawezi kunidanganya mpaka mstari wa kuanzia. Atasema kesho. Kesho ikifika, nasema atasema kesho kutwa."

"Na nisingesema?"

Masafa alitazama uwanja, akatazama lile bomba la moshi kwenye kona.

"Ningeingia," alisema. "Uliniambia nimefaulu."

Mwalimu akalia. Alilia kwa hasira kwanza, anampiga kofi kwenye lile goti zima, anamwita mjinga, mkaidi, muuaji wa wake za watu. Halafu hasira ikaisha akabaki analia tu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Waliosema hawakusema watu wazima hawamo.

"Breki haikuniuma," Masafa alisema, taratibu. "Ningekuwa mimi ningekanyaga vilevile. Kilichoniuma ni ile hongera. Nilitaka uniambie kama unavyowaambia watu wengine."

Mwalimu alijua ni maneno gani anayoyataka. Yalikuja mpaka kooni yakakaa hapo. Badala yake akamaliza kufunga kamba, mafundo mawili, akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. Masafa akatoa ufunguo mfukoni, akamwekea kiganjani.

"Endesha wewe."

"Mimi? Mimi nimechoka. Sijawahi kushindana na mtu maisha yangu yote."

"Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wewe utashindwa vizuri sana."

Walipotoka kwenda kuwaambia wenzao, Mwalimu alisema mwenyewe, kwa sauti ya darasani. Kwamba mtihani wa mume wake haukuwa wa kweli, kwamba alikanyaga yeye, na kwamba kama kuna wa kulaumiwa ni yeye. Wifi alitazama ardhi, hakusema nilikuambia, na Mungu ambariki kwa hilo. Muuza mikate akasema basi waendelee bila gari lile. Hapo Masafa akainua fimbo.

"Kanuni inasemaje? Gari liingie kama lilivyotoka kazini. Semeni, mmewahi kuliona gari hili linatoka kazini na mtu mmoja?"

Wakatazamana. Hakuna aliyewahi. Mama Tofali, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki langoni na funguo zake shingoni, aliuliza, "Kwa hiyo humo ndani kuna breki ngapi?"

"Mbili, mama."

"Na mguu wake wa kushoto mzima?"

"Mzima."

"Basi hilo ndilo gari pekee ninaloliamini hapa," alisema. "Ondokeni, jua litaniua."

Mwalimu akaingia kiti cha dereva. Masafa akaingia kiti cha pembeni, akauweka mguu wake wa kushoto karibu na breki ya pili, akavaa kofia. Kitambaa kikashuka, na mikweche yote ikaondoka kwa moshi na makelele, rafu za mikate zikiimba mbele.

Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Mwalimu alimpisha muuza mikate kwa sababu alitokea upande wenye haki ya kupita. Alipotaka kumpita fundi aliwasha indiketa, akatazama kioo, akatazama tena, na fundi akaenda zake. Masafa alicheka mpaka kofia ikamfunika macho.

"Unampigia nani indiketa? Jua?"

"Nyamaza, unanivuruga."

Lakini mzunguko baada ya mzunguko kitu kikaanza kumlegea ndani. Usukani ulikuwa wake. Mguu wake wa kulia, ule wa kuua mende, ulikuwa juu ya mafuta, nao ukaanza kushuka wenyewe bila kuogopa. Akampita fundi. Akampita dereva wa teksi, na mita yake inamdai. Mbele akabaki anaiona kofia ya wifi, na Mwalimu akajikuta anapiga kelele, anamwita wifi majina ambayo hayasemwi kwenye misiba. Hakuwa amechoka. Alikumbuka baadaye kwamba kwa dakika zile hakuwa amechoka kabisa.

Kona ya bomba la moshi ikaja. Aliiona. Alijua pa kufunga breki, alipajua kuliko yeyote pale, akasema bado kidogo, bado, nampata.

Breki ikazama chini ya kiatu chake.

Haikuzama kwa kishindo. Ilishuka polepole, kwa ustadi, na mguu wake ulipoifikia ulikuta pedali imeshakwenda, ukabaki hewani. Gari likapunguza, likaipinda kona salama, umbali wa mkono kutoka kwenye matofali. Wifi akaenda zake. Dereva wa teksi akapita, wengine wote wakapita, hata fundi na kile kigari chake kisichopanda mlima.

Damu ilimpanda Mwalimu kichwani. Nisingeiwezaje, mbona ningeiweza, nani amekuambia! Kisha aibu ikafuata nyuma ya hasira, na nyuma ya aibu akaona uso wa mumewe siku ile ya chokaa, unatazama mbele, unasema "Haya." Aliendesha mizunguko iliyobaki. Walimaliza wa mwisho.

Watu walikuja mbio kulizunguka gari, wanapiga paa kwa viganja, wanasema hongera Mwalimu, umetisha. Hakuna aliyevunjika hata ukucha. Kule langoni Mama Tofali alikuwa amesinzia, funguo ziko palepale shingoni. Mwalimu alizima injini akabaki ameshika usukani.

"Ningeiweza ile kona," alisema.

"Hapana," alisema Masafa.

Aliitafuta kona ile akilini mwake tangu mwanzo. "Hapana," akakubali. "Nisingeiweza."

Masafa alivua kofia, nywele zake nyeupe zimelala kwa jasho. Hakumpa hongera.

"Umefeli," alimwambia. "Jumatatu tunarudia."

Mwalimu alicheka, na kicheko kikamtoka na machozi, na akaachia usukani. Akamgeukia mumewe. Alimtazama usoni safari hii, mguu akauacha. Yale maneno yalikuwa bado yako kooni pale alipoyaacha asubuhi.

"Na wewe," alisema. "Umefeli. Jumatatu tunarudia."

Masafa alifumba macho, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Ahsante, Mwalimu," alisema.